Tawi Halikuvunjika

Kaka Nyandwi,

Shikamoo. Nimekaa na neno hilo moja juu ya karatasi tangu asubuhi, kwa sababu najua utaliitikia. Wewe huwezi kuiacha salamu ya mtu ianguke chini, hata ya mtu kama mimi.

Mimi na mke wangu hatujambo. Kaka, niache niandike tena: mke wangu. Hii ni wiki ya nne, na bado nikilitamka neno hilo natazama mlangoni kama kuna mtu atakuja kunikatalia. Jenerosa ameingia katika nyumba hii ya Kagerankanda, ile ile uliyonisaidia kuikandika udongo, na kila kitu kimebadilika sura. Ndoo za maji zimevikwa vitambaa alivyodarizi mwenyewe. Jogoo amepewa jina. Asubuhi anafagia uwanja huku akiimba sauti ya pili tu, ya kwanza ananiachia mimi niliye ndani, na nisipoimba anasimamisha ufagio anangoja. Nikimwona anapanda kutoka kisimani na ndoo kichwani, shingo imenyooka, hata tone halimwagiki, moyo wangu unatangulia kumpokea kabla ya miguu. Nampenda mpaka naogopa.

Lakini sikuandikii kukusimulia raha zangu. Nakuandikia kwa sababu raha hizi zimesimama juu ya mguu wako na juu ya jina lako, na mimi nimezikalia kimya kama mtu aliyekalia kiti cha mgonjwa. Mguu siwezi kukurudishia. Jina naweza. Hiyo ndiyo kazi ya barua hii, na ndiyo maana haitakuwa siri ya sisi wawili. Jumapili nitaisoma kanisani, kwa sauti, kabla hujaletewa. Kwa hiyo yako mambo unayoyajua vizuri kuliko mimi ambayo nitayaeleza kama vile huyajui. Usinishangae. Nayaeleza kwa ajili ya watakaokuwa wanasikiliza.

Wewe ni wa saba na mimi ni wa nane, majina yetu yenyewe yanasema hivyo kwa lugha ya nyumbani, lakini kati yetu ilipita miaka kumi na mmoja. Wazazi walipofariki, wakubwa wetu walikwisha kurudi Burundi au kuolewa mbali, nikabaki mikononi mwako. Ulikuwa kijana ambaye hata ndevu hazijakaa sawa, ukawa baba. Ulinifulia, ulininyoa, ulinipeleka shule ukiwa umenishika mkono mpaka wenzangu wakanicheka.

Unakumbuka ile safari ya Mtabila, wakati kambi ya wakimbizi bado ipo na soko lake limejaa watu? Ulinipakia kwenye baiskeli, mimi mbele, ndoo mbili za asali nyuma. Nikaona mpira wa rangi mbili kwa mchuuzi wa njiani, nikautaka, ukasema tutauona wakati wa kurudi. Nikashuka. Nikaketi katikati ya barabara, nikakunja mikono, nikanyamaza. Ulikwenda mbele ukidhani nitakufuata. Sikukufuata. Ukarudi unaisukuma baiskeli kupanda kile kilima, jasho linakutoka, ndoo zinayumba.

"Haya, mheshimiwa, umeshinda. Panda."

"Sipandi."

"Basi nami nakaa." Ukaketi vumbini kando yangu. Wakapita watu wanaokujua, mmoja akauliza, "Nyandwi, siku hizi asali unauzia hapa?" Ukamjibu, "Hapa nauza sura ya mdogo wangu. Imekunjamana kidogo, nakupunguzia."

Watu walicheka, hata mimi nilicheka kwa ndani, ila sikukuonyesha. Siku ile nilijifunza somo, na nililijifunza vibaya. Nilijifunza kwamba nikinyamaza vya kutosha, anayenipenda atarudi hata kama amebeba mzigo, hata kama ni mlima.

Nikakua na somo hilo. Kule sekondari Kasulu niliacha kwaya kwa sababu mwalimu alimpa mwenzangu sehemu ya kuongoza. Walikwenda kuimba mashindano bila sauti ya tatu na nikafurahi waliposhindwa. Obedi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, nilimnyamazia mwaka mzima kwa sababu aliazima viatu vyangu vya mpira akavirudisha na tope. Mwaka mzima, kaka, tukilala bweni moja. Mwisho alihama kitanda. Shemeji Domitila alikuwa akisema, "Minani akikasirika, nyumba nzima inahama." Nawe ulimjibu kila mara, "Mwache, atakua." Nilifika miaka ishirini na minne, ndevu zinanyolewa kila wiki, na bado ulikuwa unasema nitakua.

Sasa nieleze kazi yetu, kwa wasioijua. Mizinga yetu ya magome inatundikwa juu kabisa kwenye miti ya mwituni. Kurina asali ni kazi ya wawili. Mmoja anapanda na kamba, ndoo na mwenge wa majani makavu unaotoa moshi. Mwingine anabaki chini ya mti. Mwenge wa juu ukikaribia kwisha, wa chini anawasha mwingine, anaufunga kwenye kamba, wa juu anauvuta. Hiyo tu. Lakini moshi ukikatika, nyuki wanamgeukia aliye juu, naye hana mikono ya kujikinga kwa sababu ameshika mti. Kwa hiyo wa chini haondoki, halali, na akiitwa anaitika.

Baba alikuachia mizinga, na pamoja na mizinga alikuachia desturi moja. Kabla hamjagusa shina, anayepanda anamwuliza anayebaki, "Una neno na mimi?" Mwenzake hujibu kweli. Kama analo, linasemwa pale pale, likiisha mnapanda. Lisipoisha mnarudi nyumbani. Nimewahi kukuona ukirudi na ndoo tupu toka mwituni, mwendo wa saa mbili, kwa sababu mwenzako alisema ana neno juu ya mpaka wa shamba na hamkuelewana. Shemeji alilalamika. Ukasema, "Asali itangoja. Huwezi kupanda mti ukamwachia moshi mtu mwenye kinyongo."

Siku moja kabla ya siku ile, tulikuwa kwenye kibanda cha wafuga nyuki wenzetu tukichuja asali. Simu yangu nilikuwa nimekupa uichaji kwenye sola yako, na ujumbe niliomwandikia Jenerosa ulikuwa wazi. Ukausoma kwa sauti ya mhubiri: "Asali wa moyo wangu, wewe ndiwe mzinga usiochoma." Kibanda kizima kiliangua kicheko. Mzee mmoja akasema, "Usiochoma? Ngoja amwoe kwanza!" Mwingine akadakia, "Huyu mtoto ndoo ya asali tu inamshinda, mke atambeba na nini?" Nawe ulicheka, ukanipiga bega, ukasema, "Mwacheni mtoto wangu, bado anajifunza kuandika."

Ulikuwa utani. Leo nikiusoma ujumbe ule mwenyewe nacheka. Jenerosa anao mpaka sasa kwenye simu yake, na nikimkera ananisomea. Lakini siku ile niliondoka kibandani masikio yanawaka. Mtoto. Mbele ya watu. Usiku sikula kwako, nikasema nimeshiba.

Kesho yake jioni, jua likiwa limeanza kulegea, tulifika kwenye ule mti mkubwa wa mtundu wenye mizinga mitatu. Ukafunga kamba kiunoni, ukageuka.

"Una neno na mimi?"

"Sina."

"Minani."

"Nimesema sina. Panda."

Ulinitazama kitambo. Nadhani ulijua. Nadhani pia ulitaka kuniheshimu, unichukue kama mtu mzima anayejibu mwenyewe, kwa sababu jana yake nilikasirika kwa kuitwa mtoto. Ukapanda.

Mzinga wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili pia. Ulipofika wa tatu uliniita, "Minani, moshi!" Mwenge ulikuwa mkononi mwangu, kiberiti mfukoni. Nikaenda nyuma ya kichuguu, hatua kumi tu, nikaketi. Nilitaka uniite tena. Hilo tu, kaka. Nilitaka mtu mkubwa aliyenicheka mbele za watu aniite na kunibembeleza, kama ulivyoisukuma baiskeli kupanda kile kilima. Ukaita, "Minani! Moshi unakwisha huku!" Nikatabasamu. Naandika neno hilo na mkono unakataa, lakini ni kweli, nilitabasamu. Mara ya tatu hukuniita jina. Uliita, "Mdogo wangu!" na sauti ilikuwa nyembamba, haikuwa yako. Niliruka, nikapiga kiberiti, kikazima, nikapiga kingine, na kabla sijawasha nikasikia matawi madogo yakikatika moja moja mpaka chini.

Sitaeleza namna nilivyokukuta. Waliokuona hospitali wanajua.

Pale juu ya pikipiki, umekaa katikati yangu na dereva, uso umevimba mpaka jicho moja limefumba, mguu umefungwa kwa kamba ile ile na vijiti viwili, uliufinya mkono wangu ukasema, "Tawi limevunjika. Umesikia? Tawi." Nikasema ndiyo. Nililia njia nzima hadi Kasulu, na dereva akakuambia, "Mdogo wako anakupenda sana, mzee." Ukamjibu, "Sana."

Kaka, uongo wako haukukusaidia hata siku moja. Wenzetu walikwenda kuteremsha vifaa vyako wakautazama mti. Wafuga nyuki wanajua miti. Hakukuwa na tawi lililovunjika pale zaidi ya vijitawi ulivyopita navyo ukianguka. Wakarudi wanatazamana. Mtu aliyepanda miti miaka ishirini anaanguka bila sababu, halafu anasingizia tawi? Kabla hujatoka hospitali, kijiji kilikuwa kimepata jibu lake: Nyandwi alikuwa amekunywa. Mtu wa asali hakosi wanzuki.

Na wewe ulikuwa mzee wa kanisa. Kanisa letu pombe haliigusi, hata ya asali. Wakakuita kwenye kikao, ukaja na magongo, ukakalishwa kwenye kiti peke yako. Niko mstari wa tatu. Wakakuuliza kwa upole, siwezi kusema walikuwa wabaya: "Mzee Nyandwi, tawi halikuvunjika. Ulianguka kwa nini?" Ukanyamaza. "Ulikuwa umekunywa?" Ukasema, "Sikunywa." "Basi ilikuwaje?" Ukanyamaza tena. Wakanigeukia mimi.

"Minani, wewe ulikuwa chini ya mti. Ulimwona kaka yako akinywa?"

Nikasimama. Ulikuwa unatazama magongo yako. Ilitakiwa niseme maneno matatu tu, "Mimi nilimnyima moshi," nayo nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Nilikuwa mbali kidogo. Sikuona vizuri."

Kule porini nilikuwa na kinyongo, na kinyongo ni kitu cha moto. Pale kanisani sikuwa na kinyongo chochote. Nilikuwa na uchumba tu. Nilifikiri, habari hii ikifika kwao Jenerosa, kule Kibondo, baba yake atampa nani binti kama yule? Nikakuacha uanguke mara ya pili, nikiwa macho, nikiwa nimeshiba.

Walikutenga. Uzee wa kanisa ukauachia mwenzako. Mizinga ukaniachia mimi, ukahamia Kibondo kwa ndugu za shemeji, na nasikia siku hizi unakaa kwenye kigoda unatengeneza mizinga ya magome, wengine wanakwenda kuitundika.

Na juu ya hayo yote, nikaja kukuomba uwe mshenga wangu! Nilikuwa na uso gani, kaka? Nilisema tu kwamba uko Kibondo karibu na kwao, na kwamba sina mwingine. Ukasema, "Nitakwenda. Nishonee suruali, hii ilikatwa mguu wa kulia hospitali."

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka upande wa vijana, tulipokunywa soda kwa baba mkwe. Nakumbuka kila neno. Yeye akiwa na furaha zake, akakutania, "Mshenga, huo mguu tumesikia habari zake. Hapa leo tunakunywa soda tu, usije ukatuangukia kwenye kiti!" Wakacheka wote. Nawe ukacheka nao, ukainua chupa yako ya soda kama anayekubali. Halafu wakawa wazito, wakakuuliza lile swali la mwisho: "Huyu kijana wako ni mtu wa namna gani?"

Ukajibu, "Ni mtu wa kuitika akiitwa."

Nilitazama chini. Jenerosa, aliyekuwa anachungulia dirishani na dada zake, anasema aliniona natazama chini akafikiri ni unyenyekevu. Ndipo alipoamua kabisa, anasema. Ananisimulia jambo hilo kila mara, amelaza kichwa begani mwangu, na mimi kila mara nasema nakwenda kutazama kuku.

Harusini hukuja. Ulituma ujumbe kwamba mguu umevimba. Mguu haukuvimba, kaka. Mtu aliyetengwa hawezi kusimama madhabahuni mahali pa mzazi, nawe hukutaka mchungaji akuondoe mbele ya wakwe. Nafasi yako ilibaki wazi katika picha. Nilimwambia mpiga picha atusogeze pamoja tuijaze.

Wiki iliyopita Jenerosa alipika ugali ukashika chini, nikausema, akanijibu kwa kicheko: "Kwenu mlikuwa mnapika na nani, malaika?" Utani mzuri kabisa. Nikakaa nao kifuani. Nikaacha sahani, nikaenda kuketi nyuma ya nyumba, nikanyamaza. Mke wa wiki tatu, kaka, ua la moyo wangu, mtu ambaye nilifunga na kuomba ili nimpate. Nikasikia ananiita kutoka ndani, "Minani!" Nikakaa. "Minani, njoo!" Nikakaa, na mdomo ukaanza kuvutika upande. Nilikuwa natabasamu. Nikaugusa mdomo wangu kwa mkono. Akaita mara ya tatu, "Mume wangu!"

Nilikimbia mpaka nikajigonga mlangoni. Nilimkuta amesimama juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono yote miwili juu, anafunga pazia, anataka nimpokeze uzi. Hakukuwa na hatari yoyote. Aliponiona nahema alicheka, "Kumbe unaweza kukimbia!" Halafu hakucheka tena, kwa sababu nilikuwa nimeishika miguu yake, nimeikumbatia, nalia kama siku ile juu ya pikipiki.

Nikamwambia yote. Kichuguu, kiberiti, kikao, mkeka wa kwao. Alishuka kwenye ndoo, akakaa juu yake, hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Aliita mara ngapi?"

"Tatu."

"Na mimi leo?"

Nikainua vidole vitatu. Akasema taratibu, "Kwa hiyo mimi nimeolewa kwa neno la uongo." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na aliyelisema ndiye peke yake ambaye halikumfaa kitu." Akanyanyuka, akamalizia pazia lake mwenyewe. Siku ile hatukuimba. Kesho yake aliweka daftari na kalamu mbele yangu mezani, akasema, "Andika. Lakini usinisomee mimi. Sikuanguka mimi."

Nikampigia simu baba mkwe kabla ya kuandika mstari wa kwanza, nisije nikatafuta sababu ya kuacha. Nilimweleza yote. Mwisho akasema, "Yule mtu alikaa kwenye kiti changu nikamcheka." Nikasema, "Baba, kosa ni langu." Akasema, "Lako ni lako. Langu nimeliona. Kesho naenda kumwamkia." Basi kama baba mkwe amekuja kwako ghafla na kukushika mikono yote miwili kwa salamu isiyokwisha, sasa unajua kisa.

Hakunitupia lawama yoyote, wala hakuniambia nimesamehewa. Alisema tu, "Mpe binti yangu simu." Wakazungumza Kiha muda mrefu, na Jenerosa akawa anaitika "eego, eego" huku amenipa mgongo. Sikumwuliza waliongea nini. Ni mara ya kwanza maishani nimeachwa nje ya mazungumzo na sikununa.

Mchungaji nilimpelekea rasimu jana. Ni mtu mwema, alivua miwani akaifuta mara mbili. Akaniambia, "Minani, wewe ni bwana harusi. Andika kwamba ilikuwa bahati mbaya. Jina la Nyandwi litasafika, na la kwako litapona." Nikamwambia, "Mchungaji, hiyo bahati mbaya ni uongo ule ule wa tawi." Akavaa miwani tena. Kisha akasema kwamba yeye na wazee watasimama baada yangu, kwa sababu walimhukumu mtu kwa kuwa amenyamaza, na kwamba uzee wako wa kanisa unakungoja utakapoutaka. Akanieleza pia kanuni, na kanuni ni ile ile iliyokupata wewe: nikishasoma nitatengwa, nitakaa benchi la nyuma mpaka kikao kitakapoona vinginevyo, na kwaya nitaiacha.

Jumapili hii, kaka, ndiyo ilikuwa Jumapili yetu ya shukrani ya ndoa. Tulikuwa tuitwe mbele, tuimbiwe, akina mama watuzungushie vitenge. Jenerosa alishashona gauni la rangi ya ndizi mbivu, lina mikono mipana, akilivaa nashindwa kusema. Nilimwambia asihangaike, shukrani imekwisha, na kwamba yeye akae mbele mahali pake na wanawake wenzake, maana aliyekosa ni mimi. Alikuwa anapiga pasi. Hakuinua hata macho.

"Nani amekuambia nimekuomba ruhusa?"

Sijui kama nitakuona tena ukicheka na mimi. Sikuombi urudi Kagerankanda, wala sikuombi unijibu. Mizinga nitaendelea kuitunza, na asali yake ni ya nyumba yako. Nilichotaka ni kwamba watu wajue ulipanda mti ule ukiwa mzima, ukiwa huna tone la pombe mdomoni, ukimwamini mtu uliyemlea. Uliita mara tatu. Nilisikia zote tatu.

Nisalimie shemeji Domitila, mwambie alisema kweli juu yangu siku zote. Jumapili nikimaliza kusoma sitarudi mstari wa tatu. Nitapita katikati ya watu wote hadi benchi la nyuma, na huko, kama ninavyomjua, nitamkuta mtu mwenye gauni la rangi ya ndizi mbivu amekwisha kaa.

Mdogo wako,
Minani